Nafasi ya "Si" katika Wimbo wa Mama

Kwetu Kamina hatusemi "uje", tunasema "ukuye". Na mtu tukitaka asije tunasema "usikuye". Kati ya maneno hayo mawili kuna kasilabi kamoja tu, "si", kadogo kama punje ya mtama. Mwaka ule vita viliporudi, maisha ya mume wangu yalikaa ndani ya hiyo "si", na sisi wanawake watatu wa nyumba yake, mama yake, dada yake na mimi, tulipewa kazi ya kuitia kwenye kaseti isikike.

Nasema "tulipewa", lakini hakuna aliyetupa. Tulijipa wenyewe. Naandika polepole nisikosee, maana shule yangu ilikuwa fupi, na wifi yangu, ambaye naye alikuwepo, anakumbuka mambo mengine tofauti. Pale tunapopishana nitasema.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli kama baba yake. Treni ziliposimama, na mishahara nayo ikasimama, alichukua baiskeli akateremka Kinkondja, ziwani, kutafuta samaki wakavu. Alisema atarudi mzigo ukijaa. Akiwa huko, askari wakaanza kukamata vijana wenye baiskeli hapa mjini na kuwabebesha masanduku ya risasi kwenda kwenye mapigano. Nisionee mtu: sikuona kijana hata mmoja akikamatwa kwa macho yangu. Niliona baiskeli. Zilikuwa zimelazwa kando ya bariere, kizuizi cha askari kwenye barabara ya kuingilia mjini, na moja bado ilikuwa na mzigo wa samaki nyuma, inzi wameufunika. Tangu siku hiyo nikisikia mnyororo wa baiskeli popote, naacha nilichoshika natoka kutazama.

Barabara ile ndiyo angepita akirudi.

Mtu atauliza kwa nini hatukutuma neno kwa mdomo. Aliyekuwa anaelekea ziwani ni mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, muuza samaki, anayesafiri juu ya malori. Alimwambia mama mkwe wangu waziwazi:

"Dada, maneno sitabeba. Kwa bariere bananiuliza, na minyi nikiogopa nasema yote. Kaseti ya kanisa, ile nitabeba."

Simlaumu. Mimi nikiulizwa na askari ningesema hata nisiyoyajua.

Basi tulikuwa na radio-kaseti ya marehemu baba mkwe, na mama mkwe alikuwa na wimbo. Si wa kanisa. Ni wa kwake mwenyewe, wa kuitia watoto wake walipokuwa wadogo, wamechelewa kwenye michezo na ugali unapoa. Ulikuwa na sauti tatu tu: u-ku-ye. Ya kwanza ndefu, kama mtu anayenyoosha mkono, halafu mbili za kushuka. Mume wangu angeujua hata usingizini. Mama alitaka tuuimbe mwishoni mwa kaseti yenye nyimbo za kanisa, tukichomeka "si" ndani, na mbele yake tuweke "Shetani", ili askari wakiipiga wasikie watu wa Mungu wanamfukuza shetani.

Wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alicheka. "Mama, sasa unamuita mutoto yako shetani?"

"Kuko siku alikuwa shetani ya kweli," mama akasema. "Uliza muke yake."

Nilicheka na mimi. Nadhani sikucheka tena kwa muda mrefu baada ya hapo.

Tulianza mchana, saa ya jua kali, askari wengi wanapolala. Tulifunga dirisha, tukaweka radio juu ya kiti. Mapile yake, yaani betri, tulikuwa tumeyaanika juani tangu asubuhi yapate nguvu kidogo. Mama anaanza peke yake, "Shetani", kisha sisi wote watatu "usikuye", na wifi anagonga bidon tupu, dumu la maji, kama ngoma. Tuliimba vizuri. Kwa masikio yetu mle chumbani ilikuwa imekamilika. Tukarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza.

Kaseti ilisema: "Shetani, ukuye."

Tulisikiliza tena. "Ukuye. Ukuye." Wifi akainamisha sikio mpaka likagusa radio, akabisha.

"Mais minyi nasikia 'usikuye'."

"Unasikia sababu unajua," mama akamwambia. "Yeye hajue."

Tukaimba tena kwa nguvu zaidi, na ikawa mbaya zaidi. Radio ile ilikuwa na sikio moja dogo la kunasia sauti, na yenyewe ilikuwa na mvumo wake, "ssss", kama mafuta kwenye kikaango. "Si" ya mama ilitangulia, ya wifi ikafuata, yangu ikaja mkiani. "S" tatu zikatandazwa, zikageuka mvumo mmoja na ule wa kaseti, na bidon ikaangukia juu ya kilichobaki. Halafu wimbo wenyewe hauna nafasi: ulikatwa kwa ajili ya silabi tatu, sisi tunataka kuupitishia nne. Mtu akiwa chumbani masikio yake yanachagua. Kaseti haichagui, inameza yote pamoja.

Kwa nini nilichelewa? Nataka kulisema hili sawasawa. Kuimba nilijua, nilikuwa kwenye kwaya tangu msichana. Nilikuwa namwachia mama. Kwetu mke wa mtoto haingii katika neno la mama mkwe. Anamwacha aanze, ndipo anafuata, kama anavyomfuata njiani. Wifi naye alikuwa anamwachia mama yake kidogo, na mimi nilikuwa namwachia wifi, maana ni mkubwa kwangu. Adabu yetu yote ilikuwa imeingia kwenye kaseti, na adabu hiyo ilikuwa inamwita mume wangu aje akamatwe.

Mama alielewa kabla yangu.

"Muko munaniheshimu," alisema, kama mtu anayetoa shutuma.

"Mama, njo desturi," nikajibu.

"Desturi! Baba yenu na benzake wakinyanyua reli, kulikuwa mukubwa na mudogo? Mwenye kuita anasema 'hee', bote bananyanyua. Mwenye kungojea mukubwa wake anaacha vidole pale. Reli haina heshima. Weye, muke wa mutoto yangu, ingia pamoja na minyi. Si nyuma yangu. Pamoja."

"Na bidon?" wifi akauliza.

"Bidon inyamaze pa 'si'. Igonge pa 'ku'."

Nilijaribu. Mdomo ulikataa. Nilifungua kinywa pamoja naye na sauti haikutoka, kama mtu aliyeambiwa ale kwenye sahani moja na mkwe wake. Mama hakunikaripia. Aliniangalia tu, na nilikuwa namwona mtoto wake ndani ya macho yale.

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa askari mmoja, kijana, kiatu kimoja kimepasuka mbele, bunduki begani. Mama alimfungulia.

"Munaimba nini humu?"

"Tunafukuza shetani, baba."

Akatuangalia mmoja mmoja. "Basi muongeze sauti. Iko mingi huku inje."

Kama ulikuwa mzaha, hata leo sijui. Akaomba maji. Nilipokuwa namchotea nikaona macho yake yameenda uani, kwenye kamba ya nguo. Suruali ya mume wangu ilikuwa inakauka pale. Ilikuwa safi, haikuwa na sababu ya kufuliwa. Niliifua asubuhi ile kwa sababu nilitaka kushika kitu chake.

"Ile iko ya nani?"

Nikamnyooshea kikombe.

"Ya marehemu baba yetu," wifi akasema haraka.

"Marehemu anavaa suruali yenye maji?"

Kisha mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mujane anafua, mutoto yangu. Na weye ukikufa, muke yako atafua."

Kijana akashusha bunduki begani. Akakaa kwenye kizingiti, bunduki magotini, akageuza uso kwetu. "Imbeni, nisikie."

Wifi akabonyeza butoni ya kurekodi. Yeye anasema mama alimpa ishara; mimi sikuona ishara. Labda ilikuwepo. Nilikuwa natazama kitu kimoja tu, kifua cha mama. Sikuthubutu kutazama mlangoni. Kifua kikapanda, na pumzi yangu ikapanda nacho, na ya wifi nasikia ikapanda hivyohivyo, maana woga haujui mkwe wala mkubwa. "Shetani," mama akaita. Kukawa na kimya kidogo, kile ambacho zamani nilikuwa nakijaza kwa kungoja. "Usikuye." Tuliingia pamoja. Tulitoka pamoja. Bidon ikanyamaza pa "si", ikagonga pa "ku". Nikiwa bado naimba nilijua, kwa mikono yangu, kwamba sote watatu tumeshika chuma kimoja na kimenyanyuka.

Mwishoni askari alikohoa. Kikohozi chake kikaingia kwenye kaseti. Akasimama, akasema "Asante, mama", akaenda zake. Suruali hakuigusa. Na nisimwonee huyu naye: kikombe alinirudishia kwa mikono miwili.

Tukafunga mlango, tukasikiliza. "Usikuye." Kama muwa unaokatwa kwa panga. Tulikuwa watatu lakini sauti ilikuwa moja, nene, na "si" imesimama peke yake katikati, mbele yake kuna nafasi na nyuma yake kuna nafasi. Mama aliitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nilimsikia analia.

Mama wa samaki akaondoka na kaseti. Sisi tukabaki na kungoja, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko askari, kwa sababu habari njema na mbaya zilikuwa na sura moja tu. Asipokuja, labda amesikia. Asipokuja, labda amekamatwa mahali pengine, au amekufa. Kila jioni nilishukuru kwamba hakuna baiskeli iliyoingia uani, na kila jioni niliogopa kwa sababu hiyohiyo.

Mvua zilikuwa zimeanza mama wa samaki aliporudi. Alitua furushi la samaki na kaseti ileile. Kwenye bariere, alisema, askari waliipiga, wakaupenda wimbo, wakaimba nao.

"Na mutoto yangu?" mama akauliza. "Amesikia?"

"Amechukua kaseti, ameenda nayo, amerudisha. Minyi nilisema maneno sibebe, na sikumuuliza."

Tukaweka mapile. Tukasikia wimbo wetu, tukasikia kikohozi cha yule kijana, kisha kimya, kisha mlio wa butoni, ta! Na sauti ya mume wangu, peke yake, upepo wa ziwa nyuma yake, katika wimbo wa mama yake:

"…takuya."

Basi. Hapakuwa na kingine. Mashine yoyote aliyoipata huko, ukiibonyeza inataka uingoje kidogo ndipo uanze, naye alibonyeza na kuimba papo hapo. Mwanzo wa neno ulikuwa umeliwa. Alisema "sitakuya" au alisema "ntakuya", anakuja?

"Iko 'ntakuya'," wifi akasema. "Mama, iko njiani."

Niliziona tena zile baiskeli, na inzi.

"Rudisha," mama akasema. Akasikiliza. "Rudisha tena." Mkono wake ulikuwa hewani, kidole kinashuka na sauti. Kisha akatugeukia.

"Kama angesema 'ntakuya', ile 'nta' ingekaa. Ingelala mahali ya 'u' yote. Sikilizeni." Akaimba, pana na polepole: "Ntaaa-ku-ya." "Sasa sikilizeni ya kwake. 'Ta' yake inakimbia. Inakimbia sababu kuko kitu mbele yake kinaisukuma. Si-ta-ku-ya. Amebana sauti ine ndani ya tatu, kama shiye tulivyobana."

"Ao alikuwa tu na haraka," wifi akasema.

"Ao alikuwa na haraka," mama akakubali.

Ningependa kuandika kwamba na mimi niliisikia ile "ta" ikikimbia. Niliisikia. Lakini nilikuwa nataka sana kuisikia, na mtu wa namna hiyo si shahidi. Tuliipiga mpaka mapile yakachoka na sauti yake ikawa nzito kama ya mzee, ndipo mama akaizima kwa huruma. Msimu ule wote wa mvua tuliishi juu ya silabi moja fupi, na mimi sikuwa na hakika nayo siku hata moja.

Kiangazi kilipofika wale askari wa bariere wakahamishwa, na ukamataji ukaisha, angalau katika mtaa wetu. Habari ilishuka ziwani na malori. Asubuhi moja nilikuwa natwanga, mama anapepeta, nikasikia mtu anakohoa nje ya ua. Hakuwa na baiskeli. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, na alisimama pale kwenye upenyo wa ua bila kusogeza mguu, anamtazama mama yake. Sikuelewa mara moja kwa nini haingii: neno letu la mwisho kwake lilikuwa bado "usikuye". Mchi ulikuwa bado uko juu mikononi mwangu.

Mama hakusimama. Aliweka ungo chini, akavuta pumzi, akaimba ule wa zamani, bila "si", sauti tatu tu, ya kwanza ndefu kuliko nilivyowahi kuisikia: "U-ku-ye."

Na mimi nikaitikia, nyuma yake, nimechelewa.