Maneno kwenye Ukuta wa Jiko Langu

Mjukuu wangu wa kike alipofunga shule huko Homa Bay, alikuja kwangu Sori na lugha aliyoitunga mwenyewe. Lugha ya elfi, alisema. Nikamuuliza hao ni kabila gani. Akacheka, akanieleza kwamba ni watu wa hadithi tu, wembamba, masikio yamechongoka, wanaishi msituni na hawazeeki. Nikamwambia basi hao hawajawahi kuteka maji.

Maneno yao aliyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko langu. Nilimpa sharti moja. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, tulimwitia majina ya waliotangulia, moja moja, na lile lililomnyamazisha likawa lake. Jina haliokotwi njiani. Kwa hiyo kila neno lilipotaka kuingia ukutani kwangu, niliuliza limezaliwa na nani.

Sumela ni mwezi. Su ni maji, mela ni uso, maana elfi waliuona kwanza ndani ya ziwa kabla hawajainua kichwa. Keoru ni mgeni: njaa iliyo njiani. Neno moja alilileta halina mama wala baba, nikalikataa, akalifuta huku akinung'unika. Yaliyobaki ninayajua yote hadi leo. Majina hayanipotei.

Baba yake, mwanangu mkubwa, ana duka Suna na ni mzee wa kanisa. Alikuja Ijumaa mchana, akausoma ukuta. Kisha akasema hizo ni ndimi za mapepo, na kesho waumini wanakuja kuomba hapa kwangu, watasema nini? Akamwagiza mkewe, aliyekuja naye, ausiribe ukuta wote kwa matope. Mkewe akanitazama. Mwanamke hasiribi ukuta wa mama mkwe bila kutumwa naye, kwa hiyo akashika ungo wa omena, dagaa wa ziwani, akaanza kuchambua omena waliokwisha kuchambuliwa. Basi mwanangu akakunja mikono ya shati, akakanda matope mwenyewe. Mwanamume mzima, ndevu zina mvi.

Msichana alikuwa analia nje. Akasema hatatunga neno tena maisha yake yote.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Nilivishwa kibao cha adhabu shingoni kwa kusema Kijaluo uwanjani, nikarudi nacho nyumbani na sikukanyaga huko tena. Siku ile hakuna mtu mzima aliyesimama upande wangu, hata mmoja.

Nikachukua kigoda, nikakiweka katikati ya mlango wa jiko, nikaketi.

"Mama, sogea kidogo," mwanangu akasema, ndoo mkononi.

"Niruke."

"Hayo ni mambo ya shetani, Mama."

"Shetani hajawahi kunieleza neno lake limetoka wapi. Binti yako amenieleza."

"Na watu wakiuliza kesho?"

"Nitawasomea."

Alisimama mpaka matope yakamkaukia vidoleni. Akanawa, akaondoka kurudi Suna bila kula.

Msichana akaja akachuchumaa karibu yangu. "Dani," akaninong'oneza, kama tunavyomwita nyanya kwetu, "elfi hawana neno la kukataa."

Nikamwambia watu wa namna hiyo hapa kwetu Nyatike hawafiki saa sita mchana wakiwa hai. Akafikiri. Kisha akaokota mkaa, akaandika ukutani juu ya kichwa changu: tolanu. Tola ni mlango, akasema, na nu ni kuketi.

Nikalikubali, bado sijainuka.