Jicho la Shangazi laandikwa karatasini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anavua viatu vyake, anavaa vya mpira, anafunga barakoa, kisha anasimama mbele ya mlango wa chumba cha panya bila kuufungua.

"Ukiingia kwa pupa wote wanashtuka, na panya aliyeshtuka hakwambii ukweli," anasema kwa sauti ya chini. "Hata mgonjwa atajikaza akuonyeshe ni mzima. Ngoja kidogo."

Anahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, ndipo anausukuma mlango. Ndani kuna rafu tatu za chuma na makasha mia moja na nane ya plastiki. Hagusi hata moja. Anapita taratibu, mikono nyuma, akichungulia viota. Jioni kila kasha hutiwa vipande vya karatasi laini. Panya mzima huvichana usiku kucha na kujijengea, na karatasi zikikutwa zimelala vilevile zilivyoachwa, kuna jambo.

"Huyu hajatandika," ananong'ona mbele ya kasha la sitini na mbili. Anaandika kitu kwenye karatasi yake na kuikunja mara mbili, asije akaiona mtu.

Kuanzia mlinzi wa getini hadi profesa, kila mtu katika kituo hiki cha utafiti humwita Shangazi. Kwa miaka thelathini na minne amewatunza wanyama wanaotumika kujaribu dawa za kichocho. Zimebaki wiki tatu astaafu, na kuna jambo moja linalomnyima usingizi.

Jambo lenyewe wataalamu huliita kikomo cha mateso. Ni dalili zinazokubaliwa kabla utafiti haujaanza, kwamba zikifika hapa mnyama asiachwe kuteseka zaidi. Apumzishwe kwa dawa, asingoje kifo kimjie chenyewe. Kituo hiki kina kikomo hicho. Kilichokosekana ni kanuni inayosema nani aamue kuwa kimefika. Kwenye daftari la zamu, mwandiko wa mtu asiyejulikana unasema: "Ukiwa na shaka, muulize Shangazi."

Basi Shangazi akishaondoka, ataulizwa nani?

Aliingia hapa akiwa mfagiaji wa miaka ishirini na mitano. Jengo la siku zile lilikuwa la bati, na makasha yalikuwa ya mbao. Asubuhi walikuwa wakipika chakula cha wanyama wenyewe kwenye sufuria kubwa, redio ikiimba, vumbi la mbao likiwakereketa koo. Kifua chake kinabana mpaka leo kwa sababu ya vumbi lile, lakini akilitaja anatabasamu.

"Nikipita pale lilipokuwa jengo, bado nalisikia lile bati mvua inapoanza," anasema. "Siku hizi kuna mashine za hewa, kuna taa zinazojizima zenyewe. Ni vizuri, sikatai. Ila tulikuwa tukicheka sana kule."

Aliyemfundisha kazi alikuwa mkuu wa zamu, mzee aliyepewa jina la Koti kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila koti lake jeupe, hata siku ya mshahara. Mzee Koti ndiye aliyemwonyesha kumbeba panya kwa viganja viwili.

"Alikuwa akisema, ukimbeba kwa mkia umemwambia wewe ni mwewe. Kisha unataka akuamini. Akuamini kwa lipi?"

Enzi hizo hapakuwa na kikomo. Dawa ikishindwa, watafiti walijua kwa panya kufa, na watunzaji wakaitwa kuhesabu. Mizani ilipoletwa na agizo kwamba panya akikonda sana apumzishwe, Shangazi alishangilia. Alipima kila siku na kuandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Hapo ndipo alipokosea. Kichocho huvimbisha ini na kujaza tumbo maji. Panya wake hawakupungua uzito, wengine waliongezeka. Kwa siku tisa mfululizo aliandika kwamba wanaendelea vizuri.

"Nilikuwa na furaha, unajua? Nikamwita Mzee Koti, nikamwambia njoo uone wangu walivyonawiri. Akamchukua mmoja, akapitisha kidole mgongoni, akanipa nishike. Ulikuwa mifupa mitupu, kama meno ya kitana. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali."

Tangu siku ile hakuiamini tena mizani peke yake. Yeye na Mzee Koti walianza kuorodhesha mambo ya kutazama: mgongo, manyoya, macho, mwendo, kiota. Kila jambo likapewa alama, kutoka sifuri hadi tatu. Mzee Koti alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na orodha ikabaki zaidi kichwani mwa Shangazi kuliko ilivyobaki kwenye makaratasi.

Miaka sita iliyopita alimwoza binti yake wa kwanza. Alichukua likizo ya siku nne, akazima simu, akacheza ngoma zote mpaka mume wake akamwomba akae. Aliporudi kazini alikuta panya kumi na mmoja wamejikunja pembeni, macho yamefumba. Daftari lilikuwa na sentensi moja iliyoandikwa na kila zamu: asubiriwe Shangazi.

"Nilifoka siku hiyo, kila mtu alinikimbia. Usiku nikakaa, nikajiuliza, hivi kosa ni la nani? Mimi nilikuwa napenda kuulizwa. Ilinipendeza. Wale kumi na mmoja walilipia raha yangu."

Ndiyo maana aliiandikia kamati ya ustawi wa wanyama. Aliomba kwamba mtunzaji yeyote aliyefunzwa, akikuta alama zimefika nane, amwite daktari wa mifugo palepale, bila kusubiri ruhusa ya mtafiti wala ya mtu mwingine. Profesa anayeongoza utafiti hakuruka kwa furaha.

"Niliogopa majaribio yatakatwa njiani," profesa anakiri. "Shangazi akaniletea hesabu. Katika miaka miwili, panya arobaini walikutwa wamekufa asubuhi, na maini yao hayakufaa kwa kipimo chochote. Waliopumzishwa kwa wakati walitupa kila tulichotaka."

Kamati ikaweka sharti. Kwa siku thelathini, watunzaji wawili watoe alama kila mmoja kivyake, bila kuulizana. Wakipishana, hoja irudishwe. Leo ni siku ya thelathini, na kikao ni saa nane mchana.

Mtunzaji wa pili anaitwa Fundi, kwa sababu alikuwa fundi cherehani kabla hajaingia hapa miaka saba iliyopita. Siku ishirini na tisa wamepatana. Saa mbili na nusu karatasi zinafunguliwa ukumbini mbele ya daktari wa mifugo. Kasha la sitini na mbili: Shangazi saba, Fundi tisa.

Daktari anazisoma karatasi mara ya pili.

"Huyu atafika nane Jumatatu," Shangazi anasema.

"Shangazi, umemshika?" Fundi anauliza kwa adabu, macho chini.

Hakumshika. Panya yule ni wa mwisho wa uzao alioukuza mwenyewe tangu jengo jipya lilipofunguliwa, na asubuhi alimtazama tu akapita. Anarudi chumbani. Anambeba kwa viganja viwili, anapitisha kidole mgongoni, anakaa naye kwa muda. Machozi yanamlenga.

"Ni tisa," anasema. "Fundi kaona. Mimi nilimhurumia kwa ajili yangu mwenyewe."

Daktari wa mifugo anaandaa dawa. Shangazi anakaa na panya wake mpaka mwisho.

Daktari anamkumbusha kuwa sasa alama zimelingana, na kamati si lazima ijue ya asubuhi. Shangazi anatikisa kichwa. Saa nane anasimama mbele ya watu saba na kuwaeleza kwamba walipishana mara moja, na aliyekosea ni yeye.

Wanajadiliana saa moja na nusu. Anangoja nje kwenye benchi, akipangusa miwani ambayo imeshang'aa zamani. Profesa ndiye anayetoka kwanza.

"Nilikuwa na hofu kwamba tunaandika jicho la mtu mmoja," anasema. "Kama orodha hii inaweza kumsahihisha Shangazi, basi inatosha. Imepita."

Akistaafu, Shangazi anataka kufuga kuku na kumlea mjukuu wake wa tatu. Mume wake ametangaza kwamba panya wa aina yoyote hakanyagi nyumbani. Lakini kabla ya hapo ana mpango wa Ijumaa ya mwisho.

"Siku hiyo sitoi alama. Nitaweka kiti pembeni, nimtazame Fundi akifanya kazi."

Na akiona Fundi amekosea, atabisha?

Shangazi anacheka mpaka anakohoa. Kisha anafuta macho na kujibu polepole.

"Nitabisha, nimezoea. Ila karatasi sasa inasema asisubiriwe mtu. Na mimi ni mtu."