Jina Kwenye Mlango wa Lori

Hamimu wa mtaa wa Buyenzi ametengeneza injini za watu miaka mingi, na ukimpelekea gari bovu atalitukana kwanza ndipo alishike. Ndivyo alivyo. Lakini mwaka 2001, vita ikiwa bado inanguruma milimani, siku moja matusi yote yalimkauka mdomoni.

Ilikuwa saa sita mchana. Redio moja ya mjini ilizungumzia mauaji ya mwaka sabini na mbili, na mchambuzi wao, Astère, akasema bila kusita kwamba lori lililobeba vijana wa mtaa wa Gihosha kwenda kuuawa lilikuwa la Hamimu, dereva wa Buyenzi. Jina lake lilionekana mlangoni.

Spana ikamponyoka. Kando yake alikaa Libère, fundi wa kuchomelea, rafiki yake wa ujanani, chupa moja ya chai kati yao kama kila siku. Kaka yake Libère alikuwa miongoni mwa vijana wale. Libère aliinuka. Alichukua kigoda chake akavuka barabara.

Wallahi, wateja kukimbia hakukumuuma Hamimu kama kigoda kile. Kila asubuhi alimwona mwenzake ng'ambo akinywa chai peke yake. Angemwambia nini? Jina lilikuwa lake kweli. Alilichora mwenyewe kwa rangi nyekundu. Ila lori alikwisha kuliuza mwaka sabini na moja apate mahari, na mnunuzi, mvivu wa kutupwa, hakulifuta.

Mkewe, Waridi, ndiye aliyechoka kumtazama akinyong'onyea. Akatoa sandukuni picha ya arusi yao: Hamimu na koti la kuazima anasukuma baiskeli, bibi arusi kakalia karia, mtaa mzima unacheka. Upande wa pili imeandikwa Agosti 1971. Akavuka barabara akamtia Libère picha mkononi.

"Shemeji, hii baiskeli ni ya nani?"

Libère aliitazama, akaigeuza akasoma mwaka.

"Ni yangu. Mi mwenyewe nilimuazima, sababu lori alishauzisha. Nilimucheka siku muzima! Nilijua, Waridi. Nilijua, na bado niliamini redio."

Hakurudi kazini. Alikwenda moja kwa moja redioni na picha ile, na ovaroli lake lenye madoa. Kesho yake, saa sita ileile, kipindi kilekile, Astère, na hapa nampa heshima yake, hakujificha nyuma ya "inasemekana".

"Nilikosea," alisema. "Niliambiwa jina liko mlangoni, sikuuliza lori lilikuwa mikononi mwa nani. Hamimu alikuwa ameliuza mwaka mmoja kabla. Namwomba radhi."

Akarudia kwa Kirundi na kwa Kifaransa, maana kosa nalo lilitoka kwa lugha zote tatu. Kisha ikasikika sauti ya Libère: "Kaka yangu alikufa siku ile. Hamimu hana kosa. Mutu asimuguse."

Hamimu alilia waziwazi, grisi na machozi usoni. "Alhamdulillahi," alisema, "Mungu awape kheri wote wawili." Na mpaka leo akimsikia mtu anamsema vibaya Astère, humkatiza: wangapi wanakosea, na wangapi wanarudi kusema?

Jioni Libère akatokea na kigoda, amesimama kama mgeni.

"Unisamehe, ndugu yangu."

"Kaa, mujinga we! Chai inapoa."

Walikunywa kikombe kimoja kwa zamu, maana cha Libère kilikuwa kimebaki ng'ambo.