Dada Aliomba Ishara, Nikamtungia

Kioo cha kompyuta kilikuwa bado cheusi, katuni ndiyo kwanza inaanza, mimi na dada tuliposikia hatua za mtu, kra, kra, kama anakanyaga chumvi ya mawe. Laiti ningeizima palepale! Kosa ni langu peke yangu, na ninawaandikia nyinyi kwa sababu sina tena wa kumwambia.

Mimi ni mwandishi wa riwaya, kijana, hapa Bagamoyo. Niliishi na dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama afariki. Mumewe alikwenda Msumbiji kutafuta kazi. Miaka mitano kimya, hata salamu. Kadhi alikuwa tayari kuivunja ndoa. Mgane mmoja wa Kaole, fundi uashi mpole, alikuwa anangoja tu jibu la dada.

Alasiri ile mvua ilitufungia ndani. Nikamwekea katuni ya Kijapani iliyotokana na riwaya ninazozipenda kupita kiasi: nchi ya mapepo na milima inayoelea, na mwanamke anayemsubiri darajani mume aliyechukuliwa na mawingu. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, dada hakijui, nikawa mkalimani.

"Macho makubwa hivi, hawa wanalala vipi?" alicheka. "Na wewe mtunzi, nitafsirie tu, usinitungie!"

Kisha akasogea karibu na kioo. Alimkazia macho yule mwanamke hadi mwisho, anapokifungua kitambaa alichokifunga darajani kumwekea mumewe alama, na kuondoka bila kugeuka nyuma. Anasema: "Nimesubiri vya kutosha."

Mwisho ule sikuwahi kuupenda. Niliuona mkavu. Kwa kiburi cha kalamu nikasema, "Anasema, namsikia anakuja."

"Kwa hiyo mumewe anarudi?"

"Anarudi, dada."

Akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Na mimi nikafurahi! Nilijiona nimemshinda mwenye riwaya.

Lo! Sikujua kwamba siku saba mfululizo alikuwa akiswali istikhara, akimwomba Mungu amwoneshe njia. Aliyachukua maneno yangu kuwa ndiyo ishara. Kesho yake alikwenda kwa kadhi akaondoa shauri lake, na yule fundi akapelekewa jibu: hapana.

Fundi alioa baada ya Idi. Mwezi uliofuata dereva wa lori akaleta habari: shemeji yuko Nampula, ana mke na watoto wawili.

Ningeweza kunyamaza. Lakini dada alikaa sakafuni akirudia, "Mungu alinionesha, mbona? Mbona?" Alikuwa anamlaumu Mungu kwa uongo wangu! Nikasema yote.

"Yule mwanamke alisema nini hasa?"

Nikamwambia.

"Maneno matatu," alisema polepole. "Yakakushinda?"

Nikamshika miguu. Nikamwambia twende kwa kadhi upya, Mungu ataleta mwingine.

"Nina miaka arobaini na mbili, mdogo wangu. Niachie mguu."

Enyi mnaotunga, na nyinyi mnaowatafsiria wasiojua lugha, yasemeni maneno ya watu kama yalivyo, hata yakiwauma. Hamjui anayewasikiliza amemwomba nini Mola wake!

Aliamua kuhamia kwa mama mdogo, Vigwaza. Asubuhi ile alivaa baibui, akachukua begi lake moja. Nilisimama ukumbini nikamwamkia, "Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, hadi ukajifunga.