Inchi Moja Kila Upande

Mimi ni fundi wa nguo hapa Suna, Migori, na kwa mambo ya kupima sijawahi kumwogopa mtu. Ukiingia tu mlangoni, kiuno chako nishakijua. Kwa hiyo ubao wa mama ulipoharibika, sikuona haja ya kumwita mtu mwingine aupime.

Mama ana hoteli ndogo Kendu Bay, ya chai, ugali na samaki. Masikio yake yalianza kufifia miaka kadhaa iliyopita, naye akaficha. Tuliojua ni mimi na kaka yangu tu. Ujanja wake ulikuwa ule ubao wa herufi ukutani: fremu ya mbao, na ndani yake paneli nyeusi ya plastiki yenye mifereji ambamo unachomeka herufi nyeupe. Aliwaambia wateja kwamba huo ndio mtindo wa kisasa, mtu aonyeshe anachotaka kwa kidole. Wakaonyesha, akapakua, na hakuna aliyeshuku lolote.

Kisha mvuke wa jikoni ukaipinda paneli, mifereji ikapasuka, herufi zikawa zinadondoka kwenye sahani za watu. Wateja wakarudia kuagiza kwa mdomo. Mwalimu mmoja aliomba omena akaletewa maharagwe; akarudia kwa sauti, akaletewa chai. Hoteli nzima ikacheka. Kaka aliposikia hayo akaniambia kwamba mwisho wa mwezi anakuja kuifunga hoteli, mama apumzike nyumbani. Nilikasirika sana. Apumzike nini? Bila hoteli, mama angeshinda kitini akitazama midomo ya watu.

Paneli za madukani hazikutosha kwenye fremu ile, kwa sababu seremala aliichonga kufuata nafasi iliyokuwapo kati ya dirisha na kabati. Ilibidi nyingine ikatwe kwa kipimo. Nikapima, nikarudi Suna, nikampigia simu fundi wa mabango wa Homa Bay.

"Hiyo ni saizi ya ndani ya fremu, ama umeongeza kitu?" akauliza.

"Fundi, mimi napima watu miaka ishirini. Wewe kata vile nimesema."

"Sawa, mama. Lakini plastiki ikishakatwa ni hivyo."

"Kata."

Siku ya kuichukua niliipima mbele yake kwa tepu yangu mwenyewe. Haikupungua wala kuzidi nilichoagiza, nikamsifu. Nikafika nayo Kendu Bay, nikaiweka kwenye fremu, ikakataa kuingia. Nikaigeuza. Nikaisukuma kwa goti. Wapi! Hapo ndipo nilipokumbuka mkono wangu ulivyoandika vile vipimo: nilikuwa nimeongeza inchi moja kila upande, ya mshono, kama ninavyomwongezea kila anayeshonesha gauni. Hakuna fundi wa nguo anayekata bila kuacha ya mshono. Kitambaa kikizidi unakikunja ndani. Plastiki utaikunjia wapi?

Fundi alicheka kwenye simu mpaka nikataka kumkatia. Akasema nisithubutu kuigusa kwa msumeno wa nyumbani, itapasuka. Niirudishe, wiki ijayo atanipunguzia. Wiki ijayo! Kaka alikuwa anafika kesho yake. Nilisimama pale na tepu shingoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliionea aibu.

Mama alikuwa amenitazama muda wote. Hakuhitaji kusikia chochote. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso, kisha akanipa bisibisi.

"Toa hiyo fremu," alisema.

Tukaitoa. Tukasogeza kabati, tukaibana paneli ukutani hivyo hivyo bila fremu, na kusema kweli ilipendeza. Nikapanga vyakula vyote kwa mistari iliyonyooka, maana kunyoosha mistari ndiyo kazi yangu. Chini kukabaki mstari mmoja mtupu. Nilikuwa nimeshaokota K ya KARIBUNI mama aliponishika mkono. Akachagua herufi mwenyewe, moja moja, bila haraka.

SISIKII. ONYESHA KWA KIDOLE.

"Mama, watu watajua," nilimwambia, nikitamka taratibu mbele ya uso wake.

"Wajue, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Nimechoka kubahatisha."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja. Yeye alirudi jikoni kugeuza samaki.

Kaka alifika kesho yake saa ya chakula cha mchana, uso umekunjamana, hotuba yake tayari mdomoni. Alisimama mbele ya ubao akausoma kuanzia juu. Alipofika mstari wa mwisho aliusoma mara mbili. Mama alikuwa kaunta, anamngoja. Kaka akavuta kiti, akaketi, akanyoosha kidole kwenye UGALI SAMAKI.