Sauti Iliyofunga Daraja

Mjini walimwita Radi, na jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Alikuwa mpiga mbiu wa boma. Akisimama kwenye ngazi za ofisi ya Bwana Mkubwa na kuachia sauti, wakulima ng'ambo ya mto walisimamisha majembe. Hata nyumbani hakujua kuipunguza. “Mume wangu,” mkewe alimwambia siku moja mezani, “chumvi umeniomba mimi. Mbona tarafa nzima inatuletea?”

Mwaka ule serikali mbili za wageni zilikaa huko mbali zikakubaliana kwamba upande wa mji ubadilishe mkono: uliokuwa wa huyu uwe wa yule, na ng'ambo ibaki ilivyo. Mto ukawa mpaka. Habari zilipopenya, mji ulichafuka. Huko ng'ambo watu walikuwa na mashamba, wakwe na makaburi. Soko likafungwa, vijana waking'oa vigingi vya wapima ardhi, na kila asubuhi umati ukajaa uwanjani kuulizia jambo moja tu: daraja je?

Mke wa Radi alikuwa ng'ambo akimuuguza mama yake. Radi alikuwa amempelekea ujumbe kwa mdomo wa muuza mkaa: rudi kabla hawajakabidhiana, mama tutamfuata kwa machela.

Asubuhi ya siku ya makabidhiano, Bwana Mkubwa alimwita ndani. Masanduku yalikuwa yamekwisha fungwa kamba. Ukutani, ilipokuwa ramani, rangi ilibaki haijapauka. Pembeni aliketi ofisa mgeni, yule wa kuupokea mji. Askari walikuwa wachache, na Bwana Mkubwa alitaka aondoke bila risasi kulia.

“Tangaza hivi: daraja litabaki wazi kama zamani. Kila mtu aende nyumbani.”

“Litabaki wazi, Bwana?”

Ofisa mgeni aligeukia dirisha.

“Wewe umeitwa kutangaza au kuuliza?”

Radi akatoka. Kazi ile aliirithi kwa baba yake pamoja na mwiko wake: neno la mwenye mji halipimwi, linabebwa. Ni mtungi wa mtu, huchungulii ndani. Akapuliza pembe. La mgambo likilia lina jambo, uwanja ukanyamaza. Akatangaza, na alitangaza vizuri kuliko siku zote, kwa sababu alitamani liwe kweli.

“Kasema Radi,” watu wakaambiana, wakaanza kutawanyika.

Mchana muuza mkaa alifika kwake akihema. Yeye na mke wa Radi walilelewa nyumba moja.

“Shemeji, mkeo nimemwacha darajani asubuhi, mzigo kichwani, mguu mmoja umeshakanyaga mbao. Ikaja sauti yako. Akacheka. ‘Huyo mume wangu,’ akasema. ‘Basi kama nafasi ipo, niache nikamkande mama kidogo.’ Akageuka.”

“Akageuka?”

“Angemsikiliza nani mwingine, shemeji?”

Radi alikimbia, mtu mzima yule, viatu mkononi. Askari wa serikali mpya walikuwa wanakaza seng'enge katikati ya daraja.

“Litabaki wazi! Nimetangaza mimi mwenyewe!”

“Mzee wangu,” askari mmoja akamjibu, wala hakumjibu kwa ubaya, “mimi nimepewa seng'enge. Tangazo sikupewa.”

Radi aliendelea na kazi, maana tumbo halina likizo. Lakini sasa akimaliza kutangaza, hata habari ya kuchanja mbuzi, mtu hakosi kupaza sauti kutoka nyuma: “Hiyo ni ya kweli, Radi, au ni ya daraja?” Uwanja unaangua kicheko, naye anashuka ngazi na pembe yake. Nyumbani alilala upande wake wa kitanda. Ndala za mkewe alizisogeza akifagia, kisha akazirudisha mlangoni, ncha zikitazama ndani, kama za mtu aliyekwisha ingia.

Asubuhi moja, akiwa kando ya mto, alimwona mkewe. Alikuwa ng'ambo, miongoni mwa wafuaji, amekonda, ndoo mkononi. Radi alifungua kinywa akakuta hakina kitu. Maisha yote alibeba maneno ya watu. Ya kwake alikuwa hajawahi kuyatoa nje ya nyumba.

“Mke wangu!” hatimaye akaita. “Hili sikutumwa na mtu! Hili ni langu! Nakutaka nyumbani!”

Wanawake wa kando zote mbili wakapiga vigelegele vya utani. “Makubwa! Leo Radi kajitangaza!”

Mkewe hakucheka. Aliweka ndoo chini, akazungushia mdomo viganja, akajibu. Midomo ilionekana ikitembea. Sauti yake ilikuwa ndogo tangu usichana, ya kusemea chumbani.

“Nyamazeni, mama zangu, nawaomba,” Radi akawaambia wafuaji. Nguo zikaacha kupigwa mawe. Hata askari wa darajani akasimama kimya.

“Rudia!”

Akarudia. Maji yalikuwa yanapita kwa kelele juu ya mawe. Radi akaingia mtoni na viatu vyake, mpaka magotini, akainamisha kichwa, akatega sikio.