Kitu Alichokipaka Mawese

Mama yangu alitaka jambo moja tu hapa duniani: azikwe karibu na mtoto wake wa kwanza. Mimi ndiye niliyemnyima, na nilimnyima kwa ulimi. Sisemi maneno. Nasema ulimi wenyewe, huu ninaolambia chumvi.

Kaka yangu huyo alikufa kabla sijazaliwa, hajatimiza hata miaka miwili. Wakati ule watu wetu walikaa ndani ya pori, nyuma ya pale panapoitwa Wamaza, saa mbili kwa miguu kutoka ilipo barabara sasa. Baba alimchongea kitu kidogo kwa mfupa wa mbogo, mfano wa mtu asiye na mikono, na wanaume wakakisimamisha juu ya kaburi. Wanawake walikaa mbali siku ile, kwa hiyo mama hakukiona vizuri. Mwaka uliofuata serikali ya Wabelgiji iliamuru vijiji vyote vihamie barabarani, ili watu wahesabike na walime pamba. Nyumba zikabomolewa, pori likafunika kila kitu, na kaburi likapotea. Baba naye akafa mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Mama hakuacha kurudi kwenye kijiji kile cha zamani, akiokota chikichi na kuchimba viazi vya porini. Siku moja jembe lake likagonga kitu: urefu wa kidole, cheusi kwa udongo, kina kichwa na hakina mikono. Alikaa chini akalia mpaka jua likapinda. Wenzake walimwambia asijidanganye, watoto wa kijiji kile walikuwa wakichonga wanasesere kwa mawe laini ya kijitoni, yale yanayoteleza kama sabuni, na labda hicho ni kimojawapo. Mama hakutaka kusikia. Alifyeka pale, akapanga mawe kuzunguka, akakisimamisha kile kitu katikati, na tangu siku hiyo akawa na kaburi la kwenda.

Nisikufiche, nilimwonea wivu yule marehemu. Karanga za kwanza zilikuwa zake. Ndizi iliyoiva mbele ya nyingine ilikuwa yake. Mama alikwenda kwake kila mwezi na kichupa cha mawese, akakipaka kile kitu taratibu, kichwa, mgongo, mpaka chini, kama anavyopakwa mtoto mchanga akishaogeshwa. Mimi nilisimama pembeni na njaa yangu. Nilikuwa mzima, ninatembea, ninaugua na kupona, na bado mtu aliyekufa zamani alikuwa ananishinda kwa mama yangu.

Nikakua, nikapelekwa Kasongo kusomea ualimu kwa mapadri. Mupe mmoja mzee, ndivyo tulivyowaita mapadri, alitufundisha habari za udongo, mawe na wanyama. Juu ya meza yake kulikuwa na kipande cha kahawia, kizito, ambacho watu wa kuchekecha dhahabu walikitoa kwenye changarawe za mto upande wa Kabambare. Alituuliza ni nini, na sisi sote tukasema jiwe. Akacheka. Ni mufupa, akasema, mufupa wa mnyama wa zamani sana, umekaa chini mpaka ukawa jiwe. Akatufundisha kutofautisha. Mfupa una matundu madogo madogo, na matundu hayo hunyonya mate, kwa hiyo ukiugusisha ulimi unanata. Jiwe halinati. Kisha akaongeza kwamba matundu yakijaa kitu kingine ulimi haufai, na hapo sharti utazame palipovunjika. Niliyaandika yote katika daftari, kwa mwandiko mzuri, na nikapewa alama nzuri.

Nilirudi nyumbani likizo ya kiangazi nikiwa na viatu na kichwa kikubwa. Siku ya pili tu mama akataka nimsindikize kule. Tulitembea muda wa saa mbili juani, viatu vikinichuna. Akafyeka, akapaka mawese yake, akakaa chini. Ndipo akasema lile alilokuwa ameniitia.

"Siku yangu ikifika, mutanibeba mpaka hapa. Musinizike kule barabarani pamoja na watu wa pamba. Unizike hapa, kando ya huyu. Uniahidi."

Hasira ilinipanda, nayo haikuwa ya siku moja. Nikamwambia, "Mama, unajuaje kama huyu mutoto iko hapa?"

Akanionyesha kile kitu. "Si hiki? Mufupa aliochonga baba yako."

Nikakichukua mkononi mwake. Kilikuwa kizito, baridi, kinang'aa. Sikutafuta palipovunjika wala sikukikwangua hata kidogo kwa kisu, ingawa panga la mama lilikuwa miguuni pangu. Nilitoa ulimi nikakilamba. Kikateleza. Nikalamba tena, kikateleza tena.

"Si mufupa hii," nikasema. "Iko jiwe. Ni mwanasesere wa mutoto fulani, mama. Umekuwa unalilia mwanasesere."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Masomo ndiyo inasema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mutoto wangu iko wapi?"

Nikasema sijui, labda popote humu porini. Mama alikifuta kile kitu mafuta kwa pindo la kitenge, akakifunga kwenye ncha ya nguo, akanitangulia njiani. Na nitasema ukweli wote, maana nimeficha vya kutosha: nilitembea nyuma yake nikiwa nimefurahi.

Hakurudi tena kule. Karanga za kwanza tulizila sisi. Mwanzoni nilidhani nimempata mama yangu mwenyewe, lakini niliyempata alikuwa mwanamke anayekaa mlangoni na sombe, yale majani ya muhogo, isiyotwangwa mapajani. Niliwahi kumwuliza lile jiwe liko wapi, akasema alilitupa. Nikawa mwalimu, nikaoa, na miaka ikapita, bendera bado ikiwa ileile ya Wabelgiji. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilimwuliza anataka alazwe wapi. Aligeuza kichwa kwenye mto.

"Popote tu," akasema.

Tukamzika barabarani.

Matanga yalipokwisha nilichoma mkeka wake wa kulalia na mto wake wa majani makavu nyuma ya nyumba. Moto ukashika vizuri, moshi ukaanza kunijia, na ndani yake kulikuwa na harufu ya kwato zilizoungua. Nilisimama nikiwaza ni mnyama gani yumo. Kisha nikachukua jembe nikachakura majivu, na kile kitu kikabingirika mpaka miguuni pangu. Alikuwa amekishonea ndani ya mto, akakilalia miaka yote ile. Mawese yote yalikuwa yameungua yakatoka. Kilikuwa cheupe, kimepasuka toka kichwa mpaka kiuno, na ndani ya ule ufa kulikuwa na matundu madogo madogo, kama ya mkate.

Kesho yake nilichukua panga nikaenda kule. Nilizunguka siku nzima. Pori lilikuwa limefunga, michikichi imejaa kila mahali, na mawe aliyoyapanga mama sikuyaona hata moja. Njia ya kufika pale ilikuwa ni miguu ya mama tu, nami ndiye niliyeizuia. Sikupata hata mahali pa kusema, labda ni hapa.

Jua lilipoanza kushuka nilikaa chini nikakitoa mfukoni. Nilikuwa najua tayari. Macho yalikuwa yameniambia jana yake, na pua pia. Lakini nilikiweka kwenye ulimi hivyo hivyo, kama nilivyofanya siku ile mama akinitazama, na kikanata. Nilikivuta, kikakataa. Nikakivuta kwa nguvu mpaka ulimi ukauma ndipo kikaachia, nami nikageuka nyuma nimwambie mama kwamba ni mufupa.